Bonde la nkambo: kuchunga na kuponyesha mabonde ya maji ya Salamabila

Utangulizi

Ndugu msomaji, wakati chama chetu kiliniomba niandike juu ya desturi moja ya wazee wetu, wenzangu walifikiri nitaandika juu ya ndoa, ngoma ao majina ya watoto. Hayo ni mambo ya maana, na wengine wameyaandika vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Mimi nimechagua matope. Nataka kuandika juu ya mabonde yetu ya maji, yale ambayo wataalamu wa kilimo wanayaita bafo, na juu ya makatazo ambayo wazee waliyaweka juu yake. Makatazo hayo ni desturi sawa na ndoa. Tena ni desturi ambayo mimi mwenyewe, mwalimu wa sekondari mwenye diploma ya ISP, nilisaidia kuivunja. Nitawaeleza namna niliivunja, na namna tunajaribu leo kuirudisha.

1. Bonde lilivyokuwa

Familia yetu ina bonde moja, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Salamabila. Jina lake sitaliandika, ni mambo ya familia. Ni bonde dogo: mtu akisimama upande mmoja na kuita, mwenzake wa upande wa pili anasikia. Katikati kulikuwa maji yenye kutembea polepole, matete marefu kupita mtu, na miwale ambayo ilitupatia nyuzi za kufumia na vijiti vya kujengea. Chini ya matete kulikuwa udongo mweusi, mwepesi, wenye nyuzinyuzi za majani na mizizi ambayo haikuoza vizuri. Ukiukamata mkononi na kuukamua, maji yalitoka kama kwenye nguo iliyofuliwa.

Chini kidogo ya bonde kulikuwa chemchemi. Wanawake wa vijiji viwili walikuja kuchota pale. Hata mwezi wa saba, wakati kiangazi kimekauka kabisa na mito midogo mingine imebaki mawe matupu, chemchemi ile ilikuwa inatoa maji. Sisi watoto tulidhani ni kazi ya mizimu. Kumbe ni ule udongo mweusi uliokuwa unakunywa mvua kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, kiisha unairudisha kidogo kidogo wakati watu wana shida.

Mwenye kulichunga bonde lile alikuwa mama aliyemzaa baba yangu. Tulimwita nkambo, kama wote wanavyowaita wazee wa namna ile. Hakusoma hata darasa moja. Lakini miaka ya mwisho ya 1980, wakati nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, hakuna mtu aliyeingia kukata mwale ao kutega samaki bila kupita kwake kwanza.

Halafu vita ilikuja. Mwaka 1998 tulikimbia mara nyingi, na mara mbili tulikimbilia mle bondeni. Tulilala juu ya matete yaliyolazwa, tukala mizizi, vyura na samaki wadogo, bila kuwasha moto mchana. Watu wenye silaha walipita juu kwenye njia, hawakutaka kushuka kwenye matope. Ninaandika hivi ili msomaji ajue kwamba niliuza mahali ambapo paliniokoa.

2. Makatazo manne ya nkambo

Nkambo hakutoa sababu. Alisema tu: "Wazee walikatazaka." Kwetu ilitosha. Leo, baada ya kufundisha jiografia na biolojia kwa miaka mingi, naweza kutoa sababu kwa kila katazo, na sababu hizo zinanifanya niheshimu wazee zaidi.

Katazo la kwanza: hakuna moto bondeni. Wakati wa kiangazi watu walichoma nyasi za vilima, lakini moto ukikaribia bonde vijana wote waliitwa kuuzima. Sababu yake ni hii: udongo mweusi wa bonde ni majani yaliyokufa. Yakilowa, ni udongo. Yakikauka, ni kuni. Moto ukiingia ndani yake unatembea chini kwa chini, siku na juma nyingi, bila ndimi za moto kuonekana. Inchi ya Indonesia ilijifunza hilo kwa uchungu mwaka 2015: mabonde makubwa ya udongo wa namna hiyo, yaliyokuwa yamekaushwa kwa mifereji ili kupanda michikichi na miti ya karatasi, yaliwaka miezi kadhaa, na moshi wake ukafunika hata inchi za jirani.

Katazo la pili: kuvua kwa kukausha vidimbwi ni mara moja tu kwa mwaka, mwisho wa kiangazi, na kidimbwi kimoja hakiguswi. Wanawake walijenga vikuta vya matope, wakatoa maji kwa mabakuli na vikapu huku wakiimba, wakakamata kambale waliobaki kwenye tope. Ilikuwa sikukuu. Lakini kidimbwi cha juu, chenye kina kuliko vingine, nkambo alikiita mama, na mama hakaushwi. Mwanafunzi yeyote anaweza kueleza: samaki wa kidimbwi kile ndio waliokuwa wanazaa na kujaza vingine wakati mvua inarudi.

Katazo la tatu: mpunga unalimwa pembeni, moyo wa bonde haulimwi, na mtu asichimbe mfereji wa kutoa maji. Sisi watu wa Maniema tunapenda mpunga, tunauchunga tangu wakati wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliufikisha Kasongo. Kwa hiyo katazo hili lilikuwa gumu, maana moyo wa bonde ndio wenye udongo mzuri. Watu waliona na kutamani. Lakini ukitoa maji katikati, udongo mweusi unapata hewa, unaanza kuoza, unashuka. Miaka miwili mitatu unavuna vizuri, kiisha unabaki na udongo mgumu usiokamata maji, na chemchemi ya chini inakufa.

Katazo la nne: unapokata makuti ya mwale, moyo wa mti unaacha. Hilo halihitaji maelezo.

Ninaweza kusema wazi kwamba hayo makatazo manne ni mpango kamili wa kutunza bonde. Siku hizi Leta na mashirika wanaita mambo hayo matumizi endelevu ya ardhi, na wanalipa wataalamu kuja kuyafundisha kwa semina ya siku tatu. Nkambo aliyafundisha bure, kwa fimbo.

3. Mwaka niliouza bonde

Salamabila inajulikana kwa sababu ya zahabu. Zahabu ya Namoya ilianza kuchimbwa wakati wa Wabelgiji, katika miaka ya 1930. Mzee gani hapa hana hadithi yake? Lakini zamani uchimbaji ulikuwa mahali fulani fulani. Baada ya vita ulienea kila mahali, juu ya vilima na ndani ya mabonde. Kijana akimaliza shule na diploma yake, kazi iliyopo ni shimo. Simlaumu. Mimi mwenyewe wanafunzi wangu wengi wamenisalimia wakiwa wamejaa matope mpaka kwenye nywele, tena wakiwa na feza mfukoni kunipita mimi mwalimu wao.

Nkambo alikufa, baba akafuata, na mimi kama mtoto wa kwanza nikabaki na neno la mwisho juu ya bonde. Mwaka 2013 mtoto wetu wa pili alipasuliwa tumbo. Mshahara wa mwalimu mnaujua, na mwaka ule ulichelewa. Nilikuwa na deni ambalo sikulala juu yake. Njo wakati ule PDG mmoja wa mashimo alikuja nyumbani, akakaa vizuri, akakunywa chai, akasema: "Mwalimu, ile matope yenu haina faida. Mutupatie miezi sita tu. Tutagawanya sawa ndugu." Mdogo wangu alikuwa tayari krezeri katika timu yake. Aliniambia: "Yaya, mutoto atapona, na bonde litabaki pale pale. Bonde haliendake."

Nilikubali. Sikuitisha familia yote, sikuuliza wazee, sikufikiri juu ya wanawake wa chemchemi. Mtoto alipona, Mungu asifiwe, na mpaka leo yuko mzima. Kila mara nikisema nilikosea, namkumbuka mtoto, na neno linakuwa gumu kinywani. Nataka msomaji abebe mambo yote mawili pamoja nami, maana kwa kila bonde lililoharibika hapa kwetu kuna nyumba moja yenye shida ya kweli.

Miezi sita ilikuwa miaka miwili. Kwanza walichimba mfereji mrefu katikati ili maji yatoke. Kiisha walileta motopompi. Udongo mweusi ulitupwa pembeni kama takataka, maana zahabu iko chini yake, kwenye changarawe. Changarawe ilioshwa, na wengine walitumia zebaki, ile wanayoiita merkire, kukamata zahabu. Mwisho wakaenda. Nyuma yao kulibaki mashimo zaidi ya arobaini, mengine yenye kina cha watu wawili, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mbu. Mwaka uliofuata chemchemi ilikauka mwezi wa sita. Siku moja nilimkuta mama mmoja mzee, rafiki wa nkambo, amesimama pale na bidoni yake tupu. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari ya watoto, akaondoka. Hakusema lingine. Ningependa angenitukana.

4. Mabonde ya wenzetu

Miaka kadhaa niliishi na aibu hiyo bila kufanya kitu. Kilichoniamsha ni somo la darasani. Katika mwezi wa kwanza wa 2017 wataalamu walitangaza kwamba katikati ya bonde la mto Kongo, katika inchi yetu na ile ya Brazzaville, kuna kinamasi kikubwa chenye udongo mweusi wa namna ile, ambao kwa Kifransa unaitwa turbe. Walikadiria kilometa mraba 145 500, kupita ukubwa wa Uingereza bila Scotland na Wales. Ndani yake kuna kaboni tani karibu miliari 30. Vipimo vilivyofuata, mwaka 2022, vilionyesha eneo kubwa zaidi, na kwamba karibu theluthi mbili ziko upande wetu wa RDC. Mahali pengine turbe inashuka mpaka karibu metre sita. Kijiji cha Lokolama, upande wa Mbandaka, njo kilikuwa cha kwanza katika inchi yetu ambapo wataalamu walichomeka chuma chao na kuhakikisha.

Nilipowaeleza wanafunzi, mmoja aliuliza: "Prof, ile ya kule inatuhusu nini?" Nilichora ubaoni Lualaba, nikaonyesha kwamba maji ya Kabambare na Kasongo yanashuka Kindu, Kisangani, kiisha Mbandaka. Sisi siyo watu wa Mbandaka, na udongo wetu mweusi ni mchache, haufanani na utajiri wa kule. Lakini namna ya kuzaliwa ni moja. Jani likianguka mahali pakavu linaoza na kwisha. Likianguka ndani ya maji yaliyosimama, hewa haifiki, halimaliziki kuoza. Jani lingine linaanguka juu yake, na lingine, mwaka kwa mwaka. Turbe ya kule ilianza kujengeka zaidi ya miaka 10 000 iliyopita.

Tukafanya hesabu. Udongo wa namna hiyo, mahali panapoenda vizuri, unaongezeka kama milimita moja kwa mwaka, mara nyingi chini ya hapo. Bonde letu lilikuwa na udongo mweusi kama sentimetre 50. Gawanya. Wanafunzi walipata miaka 500. Kiisha yule yule aliyeuliza akasema polepole: "Na krezeri anautosha kwa siku ngapi?" Wenzake walicheka, maana nusu ya darasa wana kaka kwenye mashimo. Mimi sikucheka. Nilijua jibu: kwa kipande cha shimo moja, ni asubuhi moja.

Nikaanza kutafuta kama kuna watu waliowahi kuponyesha bonde lililoharibika. Nilipata mfano karibu kuliko nilivyofikiri. Kaskazini ya Rwanda kuna kinamasi cha turbe kinachoitwa Rugezi, kule juu milimani, kupita metre 2 000. Maji yake yanaingia katika ziwa Burera, na kutoka pale yanazungusha mashine za umeme za Ntaruka. Watu walilima ndani, walichimba mifereji ya kukausha, milima ya pembeni ikamomonyoka. Pamoja na mvua kidogo na matumizi mabaya ya maji ya ziwa, mambo hayo yaliangusha umeme: miaka ya 2003 na 2004 ziwa lilishuka sana na inchi ikalazimika kukodi mashine za mafuta kwa bei kali. Hapo serikali yao ilikataza kilimo ndani ya kinamasi, ikafunga mifereji, ikapanda mianzi na majani ya kushika udongo pembeni, na matuta juu ya milima. Mwaka 2005 Rugezi iliandikwa katika orodha ya mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda mabonde ya maji duniani. Maji yalipanda tena, na ndege wakubwa wenye taji kichwani wakaendelea kupata makao.

Lakini tusiseme upande mmoja tu. Wale waliokuwa wanalima mle walipoteza mashamba, na njaa ya maskini haingoji ziwa lijae. Wenzetu wa Indonesia, walipounda ofisi ya kuponyesha mabonde mwaka 2016, waliweka kazi zao katika mambo matatu: kurudisha maji, kurudisha mimea, na kurudisha maisha ya watu wa pale. Niliandika mambo hayo matatu kwenye karatasi, nikaibandika juu ya meza yangu. La tatu ndilo linasahauliwa.

5. Kazi tuliyoifanya

Tulianza mwaka 2021, mwisho wa kiangazi. Mara ya kwanza nilifanya kile ambacho sikufanya 2013: niliita familia, wazee wa kijiji, kapita, na mama za chemchemi. Mbele yao niliomba msamaha. Nilitoa mbuzi mmoja, kama desturi inavyodai. Yule mama wa bidoni alikuwa pale. Alisema: "Mwalimu, mbuzi tumekula. Sasa tuonyeshe maji."

Kazi yenyewe haina siri, na ninaieleza ili mwingine aweze kuifanya kwake.

Kwanza, maji. Mfereji wa katikati njo ulikuwa jeraha. Hatukuujaza wote, tuliufunga mahali saba kwa vikuta vya miti, mianzi na mifuko ya mchanga, kuanzia juu kushuka chini, kila kikuta kikiwa na mahali pa chini kidogo katikati ili maji yazidi yapite bila kukivunja. Mvua ya kwanza ilibeba vikuta viwili. Tulikuwa tumeviweka wima sana na bila mawe nyuma. Tulivirudilia.

Pili, mashimo. Tulijaza yale mafupi kwa vilima vya udongo uliotupwa pembeni. Hapa lazima kufuata utaratibu: mawe na changarawe chini, udongo mwekundu juu yake, na udongo mweusi, ule kidogo uliobaki, mwisho kabisa. Ukibadilisha, mimea haioti. Mashimo makubwa yalitushinda. Vijana walitaka kuweka samaki ndani, na wazo lilikuwa zuri, lakini nilikataa kwa yale ambamo zahabu ilioshwa kwa zebaki. Zebaki haiozi. Inabaki kwenye tope, inaingia kwenye samaki, na kutoka samaki inaingia kwa mama mwenye mimba na kudhuru akili ya mtoto. Tulipanda ua wa miti kuzunguka mashimo hayo, ili watoto wasitumbukie. Mawili tu ya juu, ambayo hayakuguswa na zebaki, tulitia samaki.

Tatu, mimea. Matete hayakuhitaji kupandwa: maji yaliporudi, nayo yalirudi peke yake kutoka kwenye mizizi. Miwale tulipanda kwa mbegu kutoka bonde la jirani. Kwenye miteremko ya pembeni, pale mvua ilikuwa inashusha udongo mwekundu, tulipanda mistari ya majani marefu na miti, ndizi kati yake. Moto tulirudisha katazo la nkambo bila kubadilisha neno.

Nne, maisha ya watu. Mpunga unalimwa pembeni, kwa sehemu zilizogawanywa mbele ya kapita, na mama za chemchemi walipewa sehemu za kwanza. Wanafunzi wangu wa darasa la tano na la sita walikuja siku ya posho, mara nyingi kwa sababu ya bugali na sombe iliyopikwa pale. Sawa. Na mimi mtoto nilikuwa naenda bondeni kwa sababu ya kambale.

6. Yaliyorudi na yasiyorudi

Baada ya masika matatu niliweza kuhesabu. Chemchemi, iliyokuwa inakauka mwezi wa sita, mwaka 2024 ilitoa maji mpaka katikati ya mwezi wa nane. Vyura wamerudi, usiku wanapiga kelele kama zamani. Matete yamefunika karibu bonde lote. Udongo mweusi haujarudi. Juu ya mashimo tuliyofunika kuna tabaka jembamba la majani yaliyokufa, la kufunika ukucha. Huo ndio mwanzo wa miaka 500. Mimi sitauona, wala watoto wa watoto wangu.

Kitu kingine ambacho hakijarudi ni mdogo wangu. Bei ya zahabu imepanda sana miaka hii, na mwaka 2025 alikuja na watu wawili na motopompi mpya. Alisema changarawe ya chini bado ina kitu, wale wa kwanza walifanya haraka. Aliniambia mbele ya watoto wangu: "Yaya, weye ulikula yako 2013. Sasa unafunga mulango nyuma yako." Sikuwa na jibu, maana ni kweli.

Wazee walikaa siku mbili. Walikata hivi: mdogo wangu aoshe tena vilima vya changarawe vilivyo juu, kwenye mteremko, nje ya maji, bila merkire, na asawazishe nyuma yake. Moyo wa bonde na kidimbwi mama havifunguliwi, kwake wala kwangu wala kwa mtu yeyote, hata kwa sababu ya ugonjwa. Neno hilo la mwisho waliliweka juu yangu mimi. Na kwa ajili ya ugonjwa, familia iliweka sanduku: kila mavuno ya mpunga, sehemu moja ya kumi inauzwa na feza inawekwa kwa mama mmoja asiye wa upande wangu ao wa upande wake. Ni sanduku dogo. Kama lingekuwako 2013, labda ningesema hapana.

Mdogo wangu amekubali hukumu na anaifuata. Lakini nyumbani kwangu haji kula. Akinikuta njiani ananisalimia kama watu wanavyosalimia mwalimu.

Tumalizie

Ndugu msomaji, maji yakimwagika hayazoleki, wanasema watu. Mimi nimeona kwamba yanazoleka, lakini kidogo, kwa bei kali, na hayarudi yote. Kuchunga bonde zima ni kazi ya katazo moja na fimbo moja. Kuponyesha bonde lililochimbwa ni kazi ya miaka, na inaacha deni kati ya ndugu.

Ninaomba chama chetu mambo mawili. La kwanza, tuandike makatazo ya kila bonde la Kabambare na Kasongo wakati wazee wanaoyajua bado wako, pamoja na majina ya vidimbwi visivyokaushwa na tarehe za kuvua. Nkambo alikufa na majina mengi ambayo sikumuuliza. La pili, twende kwa machefu tukaombe kwamba bonde lisipewe mchimbaji na mtu mmoja peke yake, hata akiwa mtoto wa kwanza, hata akiwa amesoma. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai wenye vibali warekebishe inchi walipochimba. Lakini kwa mashimo yetu madogo ya familia hakuna anayekuja kuangalia. Tutajiangalia wenyewe.

Juma lililopita nilipita pale jioni. Yule mama wa bidoni alikuwa anachota. Aliniomba nimsaidie kuibeba mpaka kichwani, nikaibeba. Ilikuwa imejaa.